Umegongwa nyuma, shingo imekaza: kola, mkandaji au mazoezi?

Karani_wa_Changamwe:

Assalam aleykum, na hamjambo nyote. Humu ndani mtu akiuliza habari ya shingo baada ya ajali hujibiwa mambo matatu: vaa kola ya shingo, nenda ukandwe, lala mpaka ipoe. Nafungua uzi huu nipingane na yote matatu, walau kwa namna tunavyoyafanya hapa Mombasa. Si daktari mimi, ni karani wa yadi ya makontena. Niligongwa kwa nyuma na pikapu nikiwa nimesimama kwenye msongamano wa Changamwe, na kabla sijapona shingo hii ilishapita mikononi mwa daktari, mkandaji na fizio, yule mtaalamu wa tiba ya mazoezi.

Gari halikuumia sana, bampa na taa moja. Watu walioshuka kutazama wakanambia nimshukuru Mungu, sijapata kitu. Jioni nikala vizuri, nikalala. Maumivu yalikuja alfajiri nilipotaka kuinua kichwa kitandani, kichwa kikakataa, ikabidi nikishike kwa mikono miwili nikiinue kama mzigo wa mtu mwingine. Hili mlijue: maumivu ya shingo huweza kuchelewa saa kadhaa, hata siku nzima. Usitie sahihi pale pale barabarani kwamba hujaumia.

Yanayotokea ni haya. Ukigongwa nyuma, kiti chakusukuma kiwiliwili mbele, lakini kichwa chabaki nyuma kwa kuwa hakuna kilichokisukuma. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne na nusu hadi tano, nacho chashikwa na pingili 7 tu. Kwa kitambo kidogo shingo yajipinda mara mbili kwa pamoja: sehemu ya chini yaenda nyuma, ya juu yaenda mbele. Kisha kichwa chote charushwa nyuma, halafu mbele. Nusu sekunde haijatimia mambo yamekwisha, misuli haijawahi kujikaza vya kutosha. Vinavyoumia mara nyingi ni misuli, kano na viungo vidogo vya nyuma ya pingili, na hivyo havionekani kwenye eksirei. Ndiyo maana mtu hurudi na picha safi na shingo yaendelea kuuma, jamaa zake wakaanza kumwona mwongo.

Daktari alinibonyeza katikati ya shingo, mfupa baada ya mfupa. Akauliza kama mikono yafa ganzi. Akanipa vidole vyake viwili nivibane kwa nguvu, mkono huu na huu. Mwisho akanambia nigeuze kichwa mwenyewe, polepole, kulia na kushoto. Nilipofika nusu ya njia ya bega pande zote mbili akasema eksirei haina haja. Nilinuna, maana nilitaka picha ya kwenda nayo nyumbani. Akaniandikia paracetamol na kunambia niende kazini nikiweza, na shingo niitumie.

Nitaendelea na mkandaji na fizio baadaye, kuna lori langoni.

Kanga_ya_Kongowea:

Pole sana kakangu. Umeandika yangu kabisa. Matatu yetu ilifunga breki ghafla karibu na Bombolulu, ya nyuma ikaja ikatuingia. Mimi nilikuwa nimegeuka naongea na mwenzangu. Sasa upande wa kushoto ndio mbaya, na kichwa chauma kuanzia kichogoni chapanda mpaka juu ya jicho. Nimenunua kola duka la dawa naivaa mchana kutwa. Ni makosa?

MzeeWaBarazani:

Watoto wa siku hizi mwapenda kusoma mno. Sisi tulianguka minazini, tukakandwa kwa mafuta moto, tukapona. Mkandaji anayejua kazi akikushika shingo akaivunja mara moja, "kwa!", damu hupita na wewe hurudi kuwa mtu. Nenda Majengo uulize, utaonyeshwa.

Fizio_Tudor:

Shikamoo mzee. Nami ni mtoto wa kukandwa, bibi yangu alikuwa fundi wa kukanda wazazi, wanawake waliotoka kujifungua. Ugomvi wangu ni na hiyo "kwa!" peke yake. Ndani ya pingili za shingo, kila upande, mna mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo. Shingo iliyotoka kwenye ajali, mshipa ule huenda tayari umeshachanika kidogo kwa ndani. Ukiizungusha kwa nguvu unaweza kumsababishia mtu kiharusi. Ni jambo la nadra, lakini likitokea halirudishiki. Na siwasemi wakandaji tu. Vinyozi wetu nao, ukimaliza kunyolewa akakupaka spiriti, hukushika kidevu na kisogo akaizungusha shingo bila hata kukuuliza. Mwambieni mapema: shingo usiiguse.

Kukanda mabega na mgongo wa juu kwa mkono mwepesi, mafuta yoyote upendayo, hakuna ubaya ukishaonwa na daktari. Hulegeza. Ila nafuu yake ni ya muda, haikai mahali pa mazoezi.

Dada wa Kongowea, kabla ya kola nijibu kwanza: mikono au miguu ina ganzi au udhaifu? Waona kitu kimoja viwili? Ulimi mzito? Wayumba ukitembea? Mkojo unakutoka au umefunga? Kichwa kiliuma ghafla kwa maumivu ambayo hujawahi kuyaona? Hata moja likiwa ndiyo, funga simu uende hospitali sasa hivi.

Kanga_ya_Kongowea:

Hapana yote, alhamdulillahi. Ni kukaza na kichwa tu. Na siku za kwanza kizunguzungu kidogo nikiinuka.

Fizio_Tudor:

Basi hata hivyo uonwe ana kwa ana, mimi sikuoni hapa. Ukifika, daktari huenda akakufanyia kama alivyofanyiwa Karani. Ile si kubahatisha. Kuna kanuni iliyotolewa Kanada mwaka 2001, hutumika sehemu nyingi duniani kuamua nani apigwe picha. Mwenye miaka 65 na zaidi hupigwa. Mwenye ganzi mikononi au miguuni hupigwa. Aliyepinduka na gari, aliyerushwa nje, au ajali ya mwendo mkali, hupigwa. Wakishatolewa hao, ajali ikiwa nyepesi na mtu aweza kugeuza shingo nyuzi 45 kila upande mwenyewe, picha haihitajiki. Na ajali ya kugongwa nyuma huhesabiwa nyepesi ikiwa aliyekugonga si basi wala lori kubwa. Kwa barabara zetu za trela hilo si dogo. Tafadhali msijipime wenyewe nyumbani mkasema Fizio kasema.

Sasa kola. Ile laini ya duka la dawa haizuii shingo sana, kazi yake kubwa ni kukukumbusha kwamba wewe ni mgonjwa. Misuli ikikaa bila kazi hudhoofika, viungo hukaza, na siku ya kuivua shingo huwa mbaya kuliko ulipoivaa. Ikiwa umeshaizoea, ipunguze: vaa safarini kwenye matatu, nyumbani uvue, kisha uiache kabisa. Kola ngumu aliyovishwa mtu anayeshukiwa kuvunjika pingili ni habari nyingine. Ile haivuliwi mpaka aliyemvisha aseme.

Tuktuk_wa_Nyali:

Lakini daktari wangu alinivisha ile laini na akasema wiki sita. Nimwamini nani?

Fizio_Tudor:

Rudi kwake umuulize alikuwa na hofu ya nini. Pengine aliona kitu ambacho hukutueleza. Kama alisema ni kuteguka tu, muulize kama waweza kuanza kusogeza mapema. Ni swali la adabu, hatakasirika.

Karani_wa_Changamwe:

Nimerudi. Mkandaji nilienda, sikatai. Mikono yake mizuri, mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, mabega yakalegea mpaka nikasinzia. Kisha nikahisi kiganja chini ya kidevu. Nikaushika mkono wake nikamwambia hapo basi, mama. Akacheka, akasema wanaume waoga. Sawa, mwoga.

Fizio ndiye alinifungua. Sikupewa mashine wala mvuke. Nilikalishwa kwenye stuli, mgongo wima, mabega chini, nikaambiwa nigeuke kulia mpaka pale panapoanza kukaza, nisimame hapo pumzi mbili tatu, nirudi. Kisha kushoto. Kisha sikio kuelekea begani, bega lisipande kulifuata sikio. Kisha kidevu kukiingiza ndani bila kuinama, kama mtu anayejitenga na harufu mbaya. Hili ndilo gumu, nilikuwa nainamisha kichwa badala ya kukirudisha nyuma, naye akaniwekea kidole mbele ya kidevu akasema kiondoe kwenye kidole hiki. Mwisho kuyavuta makombe ya mabega nyuma na chini. Basi. Mara chache kila moja, lakini mara nyingi kwa siku.

Mimi nikayafunga na swala, kabla ya kila kipindi, ili nisiwe na udhuru wa kusahau. Na kipimo changu kikawa salamu. Mwanzo, nikitoa salamu ya kulia namwona jirani yangu mpaka bega, ya kushoto naona mkeka tu. Nilijua naendelea vizuri nilipoanza kuuona uso wa wa kushoto. Imamu hakujua lolote.

UmmuSalim_Kisauni:

Mashaallah kwa hilo la salamu. Naongeza: wenye maumivu makali wasijilazimishe sujudu. Hadithi ya Imran bin Huswayn iko wazi, swali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, usipoweza kwa ubavu. Mimi niliswali kitini kwa muda na nikaona haya bure.

Na mto! Hakuna aliyetaja mto. Sisi kwetu ni mto wa sufi ulioshindiliwa mpaka ukawa tofali. Niliufumua ukingoni nikatoa sufi nyingi, nikashona tena. Ukilala ubavu, mto ujaze nafasi kati ya bega na sikio, kichwa kisipande wala kisianguke. Ukilala chali uwe mwembamba zaidi. Kifudifudi usilale, shingo yashinda imegeuzwa usiku kucha.

Kazi za nyumbani nazo. Ndoo kichwani hapana. Kufua kwa kuinama beseni chini, weka beseni juu ya meza au ndoo iliyopinduliwa. Na kukuna nazi juu ya mbuzi: unakaa chini, umeinama, mabega yanatetemeka na kila mkuno. Nazi mbili tu zilinirudisha nyuma sana. Sasa nampa kijana wa dukani mwenye mashine.

Ndovu_Mkuu:

Mimi nitasema ukweli ambao hamuutaki. Nusu ya hizi shingo ni za bima. Mtu mzima kabisa, akisikia wakili, shingo yaanza kuuma.

Fizio_Tudor:

Hoja yako ina watu wake hata kwa wataalamu. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Lithuania, nchi ambayo wakati ule watu hawakuwa na mazoea ya kudai fidia ya shingo. Waliogongwa nyuma hawakuonekana kuwa na maumivu ya kudumu zaidi kuliko wasiogongwa. Wengi waliushangilia, wengine wakaukosoa, kwamba waliohojiwa hawakuwa wengi na wengi wao hawakuwa wameumia hata siku ile ya ajali. Kwa hiyo mtu hawezi kutoka hapo kusema maumivu ni ya uongo.

Ninachokiona mimi ni kwamba kesi inayoburura humfanya mtu aishi na ajali kila siku: aitwe, aulizwe, apimwe, aulizwe tena. Hilo lachelewesha kupona hata kwa mkweli. Wapo wanaotia chumvi, ndiyo. Usimwadhibu mama wa Kongowea kwa ajili yao.

Ndovu_Mkuu:

Sikumtaja yeye. Nimesema nusu.

Mwanasheria_Kivukoni:

Kwa kuwa fidia imetajwa. Hapa Kenya kesi ya kuumizwa kwa uzembe ina muda wa miaka 3 tangu siku ya ajali, ikipita umechelewa. Ripoti ajali polisi, upate abstrakti, yaani hati ya polisi ya ajali, ujaziwe na daktari fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, na utunze kila karatasi ya matibabu na risiti. Sheria ya bima za magari, Sura ya 405, ndiyo inayolazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, na ndani yake kuna siku za kuipa notisi kampuni ya bima, kwa hiyo usikae na karatasi zako kabatini.

Na mtu asikwambie uvae kola mpaka siku ya kortini ili jaji akuonee huruma. Niliwahi kusikia ushauri huo ukitolewa kwenye ngazi za korti. Daktari wa upande wa pili atakupima, atasoma faili lako, na shingo uliyoifunga kwa makusudi itakuwa imeharibika kweli kweli. Hakuna fidia inayolipa hilo.

Tuktuk_wa_Nyali:

Mimi nalala njaa nisipotoka. Tuktuk haina kiegemeo cha kichwa, na matuta ya huku ndani mwayajua. Nifanyeje?

Karani_wa_Changamwe:

Kwa wenye magari kwanza: kiegemeo si cha kulalia usingizi kwenye msongamano. Juu yake pafike usawa wa utosi, na kichogo kiwe karibu nacho, upana wa kiganja au chini ya hapo. Marekani walikifanya lazima kwenye magari madogo mapya tangu 1969, na sisi hadi leo twakishusha chini kabisa abiria wa nyuma aone mbele. Magari mengi niliyopanda Mombasa kiko usawa wa mabega. Hapo chaweza kuzidisha hatari, shingo yapindia juu yake.

Wa tuktuk namwachia Fizio.

Fizio_Tudor:

Ndugu yangu wa tuktuk, sitakwambia ulale nyumbani, kwanza kwa sababu hutalala, pili kwa sababu kurudi kazini mapema ni sehemu ya dawa. Fanya zamu fupi, pumzika baina yake. Mkono usining'inie kwenye usukani, viwiko vikaribie mbavu. Tuta likija usilikamie kwa mabega. Kabla ya kurudi kuendesha lakini, hakikisha waweza kugeuka ukaona pikipiki inayokupita. Usipoweza, si shingo yako peke yake iliyo hatarini. Na ukimeza dawa za kulegeza misuli usiendeshe, zinalaza.

Dawa kwa jumla: paracetamol kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, na mhesabu pia ile iliyojificha kwenye dawa za mafua. Ibuprofeni na diklofenaki kwa siku chache na baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo aulize kwanza. Sindano ya diklofenaki kila jioni kwenye kijiduka si matibabu.

Kanga_ya_Kongowea:

Nimeonwa. Amesema misuli na kano, mishipa ya fahamu iko sawa. Kola nimeanza kuivua. Lakini kuna jambo naona haya kulisema. Honi ikipigwa nyuma yangu moyo waruka na shingo yakaza yenyewe. Usiku naisikia ile breki. Nitapona lini?

Fizio_Tudor:

Hakuna haya hapo. Mwaka 1995 wataalamu wa Quebec, Kanada, waliyapanga majeraha haya kwa ngazi, 0 mpaka 4. Ya 1 ni maumivu na kukaza tu, ya 2 shingo imepungua kugeuka na ina sehemu zinazouma zikibonyezwa, ya 3 neva zimeguswa, ya 4 mfupa umevunjika au umetoka mahali pake. Kwa maelezo yako wewe uko 1 au 2, kama wengi.

Nafuu kubwa huja miezi miwili mitatu ya mwanzo, baadaye huenda polepole. Karibu nusu ya watu bado husikia kitu shingoni baada ya mwaka, wengi wao kidogo tu, na wafanya kazi zao. Wanaochelewa ni wale walioanza na maumivu makali sana, na wale walioingiwa na hofu: wanaoamini kwamba kila wakigeuka wanaharibu kitu, wanaoota ajali, wasiolala. Ndiyo maana breki yako ya usiku ni jambo la matibabu sawasawa na shingo. Ikifika mwezi haijapungua, omba kumwona mtu wa afya ya akili. Hospitali kubwa wanao. Kwa sasa panda matatu safari fupi, na mtu unayemwamini, usiiache kabisa.

Na mazoezi yakiongeza maumivu kidogo usishtuke. Yakitulia kesho yake uko sawa, endelea. Yakibaki makali siku mbili, ulizidisha, punguza.

Baharia_Mtongwe:

Wanaouza vifurushi vya vipindi ishirini je? Nimeambiwa nilipe vyote mwanzo.

Fizio_Tudor:

Najinyima mkate mwenyewe kwa jibu hili. Mwaka 2014 watafiti wa Australia waliwagawa watu wenye maumivu ya muda mrefu ya shingo baada ya ajali: kundi moja likapata vipindi 20 vya mazoezi na mtaalamu, jingine kikao kimoja cha ushauri na msaada wa simu. Matokeo hayakutofautiana kwa maana. Kwa hiyo usilipe ishirini mbele. Lipa cha kwanza, ufundishwe vizuri, urudi kusahihishwa, na kazi uifanye nyumbani. Wapo wanaohitaji vingi, lakini hilo hujulikana njiani.

MzeeWaBarazani:

Huyu kijana mkweli. Mimi bado nitakandwa, lakini shingo nitawaambia waiache.

Kanga_ya_Kongowea:

La mwisho jamani. Kuna harusi ya binamu yangu Ukunda wiki ijayo. Niende?

Fizio_Tudor:

Nenda. Likoni utashuka tu utembee feri, huo ni mwendo mzuri kwako. Ng'ambo usipande matatu ya kiti cha nyuma kabisa, ndicho kinachorusha. Mkoba ubebe mdogo. Kina mama wakianza kugawana kazi za jikoni, chukua kupepeta mchele ukiwa umekaa kitini na ungo mapajani, ukibadili mkao kila baada ya muda. Nazi waachie wenye shingo zao.

UmmuSalim_Kisauni:

Na ukishindwa kulala huko kwa ajili ya mito ya wageni, kunja leso nene mara nne, inatosha.